Gurudumu la Mbele la Yaya Albertine

Nianze na ukweli, maana kuuficha kumekwisha kunitesa vya kutosha: mimi ni mtu wa kelele. Dada yangu Albertine ni mtu wa karatasi. Tumbo lililotuzaa ni moja, lakini yeye alipewa subira yote, mimi nikapewa mdomo. Huku Lubumbashi dada mkubwa tunamwita yaya, na hata nikimkasirikia simwiti vingine.

Yaya alifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye stesheni ya mizigo, gare kama tunavyoiita, katika ofisi ya avarie. Avarie ni uharibifu: gunia lililotoboka, sukari iliyolowa, kioo kilichovunjika njiani. Mzigo ukifika na kasoro, aliitwa yeye na daftari lake na miwani yake iliyofungwa uzi. Aliuzunguka, aliupima, kisha aliandika ile hati tunayoiita PV: kimeharibika nini, wapi, kwa sababu gani, na kosa ni la nani. Wafanyabiashara waliojaribu kumlainisha kwa soda na vitenge walirudi nyumbani na soda zao. Katika miaka yote hiyo hakuandika PV hata moja ya uongo, na mtu yeyote wa stesheni atakuambia hivyo.

Alikuwa na sheria moja, na mtaani kwetu hata watoto wanaijua: "Fungula kwanza, saini kisha." Jirani akiletewa friji, yaya anaitwa. Hata siku wakwe walipoleta mahari ya binti yangu Léa, aliwasimamisha saa nzima juani akihesabu vitenge na kuligeuzageuza jembe kutafuta ufa. Wakwe walitoka jasho. Mimi nilitaka ardhi inimeze, lakini jembe lilikuwa na ufa kweli, wakaleta jingine.

Alipostaafu hakukaa barazani. Dispanseri ya parokia ilimpa kazi isiyo na mshahara: kuwapelekea dawa wagonjwa wa kifua kikuu kule Annexe, pembezoni mwa mji, kwenye nyumba zilizotawanyika katikati ya mashamba ya mahindi, ambako mvua ikinyesha hata pikipiki hukataa kwenda. Orodha yake ina watu kumi na mmoja. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili, anakwenda nyumba kwa nyumba, anamwaga vidonge kwenye kiganja cha mgonjwa, na haondoki mpaka ameona koo likipanda na kushuka. Kisha anasema, "Fungula kinywa," na anatazama mpaka chini ya ulimi.

Hana mzaha na jambo hilo kwa sababu ya kaka yetu Michée. Michée aliupata ugonjwa huo, akameza dawa miezi mitatu, akajisikia nafuu, akaacha. Hakuna aliyekuja kumtazama akimeza. Tulimzika mwaka uliofuata, na akaacha binti mmoja, Cathy, ambaye sasa anaishi Liège, Ubelgiji. Yaya hamzungumzii Michée. Anatembea tu.

Shida ilianzia kwenye goti. Mwaka jana lilianza kuvimba, na kufika mwezi wa saba yaya alikuwa akirudi saa nane mchana badala ya saa tano, ameuma meno. Clotilde, muuguzi wa dispanseri, aliliona. Ni mwanamke mwema lakini hazunguki maneno.

"Mama Albertine, mwisho ya mwezi wa kumi nitakata liste yenu," alimwambia mbele yangu. "Mutabakia na bale ba karibu. Bale ba mbali batakuya beye benyewe huku."

"Bale ba mbali habatakuya," yaya alisema. "Unajua muzuri habatakuya. Batafanya sawa Michée."

"Mama, na ile goti?"

"Unichungie paka mwisho ya mwezi. Kinga iko njiani."

Kinga ndiyo baiskeli. Hilo ndilo jina lake kwetu, kama vile kuchunga ni kungoja, na paka ni mpaka, au tu. Daktari alikuwa amemweleza yaya kwamba goti lake linakataa kutembea lakini halikatai kuzungusha pedali. Na kuendesha alijua. Baba yetu, mtu wa Pweto aliyekuja mjini kufanya kazi ya reli, alikuwa na baiskeli ndefu ya kiume, na yaya alijifunza kwa kupitisha mguu chini ya chuma cha juu, akienda upandeupande mbele ya nyumba za wafanyakazi. Wanawake wa umri wake hapa hawapandi baiskeli, lakini yeye hakuuliza nani atacheka.

Aliitafuta kwenye simu. Cathy alimwonyesha ukurasa wa Wabelgiji wanaouza vitu vyao vya zamani, na hapo wakaipata: ya kike, ya bluu, na kibebeo cha nyuma kipana kinachotosha sanduku la dawa. Yaya aliitazama ile picha wiki nzima, akiikuza kwa vidole viwili akitafuta kutu. Kupitia kwa Cathy alimtumia muuzaji, bibi mmoja mzee wa Liège, maswali kumi na manne. Yule bibi alijibu yote kumi na manne. Nadhani walikuwa watu wa namna moja. Akiba yake yote iliishia kwenye baiskeli hiyo na nafasi yake ndani ya kontena.

Sasa mambo yetu mnayajua. Sanduku likitoka Ulaya halisafiri na kitu kimoja. Kila pengo lililobaki ni mali ya ukoo: shati la mjomba, dawa ya presha ya shangazi, viatu vya mtu usiyemjua ila mama yake alisali na mama yako. Kuacha pengo tupu ni uchoyo, na watu watakusema. Yaya alilijua hilo, akamtumia Cathy sauti kali kwenye WhatsApp: "Cathy mwana yangu, mu carton ya kinga kuingie paka kinga. Ata soksi hapana. Niliona mingi kule gare. Kintu kinavunja kintu."

Nilikuwa nimekaa kando yake alipokuwa akisema maneno hayo. Na jioni ileile nilimpigia Cathy simu.

Mimi ni mpishi. Kwenye matanga na harusi naitwa mimi, na adui yangu ni maharagwe kuungua chini ya sufuria hizi zetu nyepesi. Nilikuwa nimeona kwenye video sufuria ya chuma kizito, nyekundu, na kifuniko chake, ambayo walisema haiunguzi kitu. Nikamwambia Cathy aitafute na aitie katikati ya vyuma vya baiskeli, pale penye nafasi ya bure, yaya hatajua. Cathy alicheka tu, hakusema ndiyo wala hapana. Miezi mitatu ikapita, na mimi nikahesabu kwamba amekataa.

Kontena lilipita Dar es Salaam, likavuka mpaka wa Kasumbalesa, likafika wiki ya tatu ya mwezi wa kumi. Yaya alinipigia saa moja asubuhi tuongozane kwenye depo, upande wa barabara ya Kasapa. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha Jumapili kichwani. Sikumtania, na kwangu mimi hiyo ni heshima kubwa.

Mwenye agence iliyosafirisha kontena, Papa André, alitupa viti. Mlinzi wa depo, kijana wa miaka thelathini hivi anayeitwa Doudou, alileta sanduku akiliburuta polepole. Ubavu mmoja ulikuwa umepasuka kutoka juu mpaka chini, umezibwa upya kwa gundi ya karatasi. Papa André alisogeza daftari la kusaini. Yaya alilirudisha kwa kidole kimoja.

"Fungula kwanza," alisema.

Doudou alikata kamba. Gurudumu la mbele lilikuwa limetolewa na kufungwa ubavuni mwa baiskeli, kama wanavyofanya kwa safari. Lilikuwa limepinda kama kifuniko cha sufuria kilichokanyagwa. Spoki sita zimekatika, moja haipo kabisa, na rangi ya bluu ya fremu imekwanguliwa mpaka chuma kinaonekana. Pengo la katikati ya vyuma lilikuwa tupu.

Yaya aliinama, akaligusa lile gurudumu kwa ncha za vidole namna anavyogusa paji la uso la mgonjwa. Kumwona hivyo kulinipandisha damu kichwani.

"Weye njo uliitupa!" nilimwambia Doudou. "Uliangusha kinga ya muntu, kisha unapakala gundi!"

"Mama, hapana. Carton ilifika ya kupasuka. Mu carton mulikuwa tena kintu..."

"Funga kinywa!"

"Mama, unisikilize kwanza, mulikuwa..."

"Nasema funga kinywa! Unavunja, tena unataka kusema? Mama yako alikuzaa ya kufanya bile?"

Nilisema na mengine ambayo sitayaandika. Wapakiaji walisimama na magunia mabegani kunitazama. Hasira hasara, wanasema wakubwa, lakini hasira ikiwa moto huoni hasara, unaona haki tu. Doudou aliangalia chini, akaanza kukunja kamba.

Wakati huo yaya alikuwa ameshafungua daftari. Aliandika kurasa mbili kwa Kifaransa chake kilichonyooka, akapima mpasuko wa sanduku, akahesabu spoki, akahitimisha: kosa ni la upokeaji na ushushaji wa mzigo, mlinzi Doudou. Papa André alisoma mara mbili.

"Mama, PV ya namna hii siyaonaka," alisema. "Siwezi kubisha. Samedi tutawaletea roue mupya. Nitakata ku mushahara ya Doudou, miezi mbili."

Kwa ahadi hiyo ya gurudumu jipya Jumamosi, yaya alitia saini. Tukaipakia baiskeli kwenye mkokoteni, tukarudi nyumbani, na njia nzima nilikuwa nikijisifu jinsi nilivyomnyoosha yule kijana.

Siku mbili baadaye simu yangu ililia.

"Mama Séphora? Ni Doudou, wa ku depo. Kuko colis yenu huku, muzigo kidogo. Jina yenu njo iko juu."

Nilikwenda peke yangu. Doudou alinisalimia vizuri, akapanda ngazi, akashusha kwenye rafu ya juu kitu kilichofungwa kwa taulo na mkanda. Uzito wake ulimfanya agune. Kikaratasi kilichobandikwa kilikuwa na namba yangu ya simu na mwandiko wa Cathy: *Tantine Séphora, usimwambie yaya.*

Nilifungua taulo palepale. Sufuria nyekundu, nzuri kuliko nilivyoiona kwenye video. Kwenye sikio lake moja kulikuwa na rangi ya bluu, na katikati ya mkanda na kifuniko ilikuwa imenasa spoki moja iliyokatika.

Sikuhitaji miaka ishirini na sita ya stesheni ili kuisoma hati ile.

"Ilitoka mu carton ya kinga," Doudou alisema. "Ile siku tulifungula container, ilikuwa imepasula carton, iko inaonekana inje. Niliiweka ku rafu isipotee. Nilitaka kuwaambia."

"Juu ya nini hukusema?"

Alinitazama bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira.

"Mama, muliniambia nifunge kinywa. Nilifunga. Kisha, PV ya Mama Albertine, nani atabisha?"

Nilichukua sufuria yangu nikaondoka. Ndiyo, niliondoka. Niliificha chini ya kitanda siku mbili, na kila nilipofagia nilifagia kuizunguka. Kikulacho ki nguoni mwako, na aliyemla yaya nilikuwa mimi, niliyekula naye sahani moja. Nilijiambia: nikisema, gurudumu halitakuja, na wale wa mbali watakatwa kwenye orodha. Nilijiambia tena: nisiposema, yule kijana atapeleka nini nyumbani kwake miezi miwili? Nilipopima huku palizidi, nilipopima kule palizidi. Ijumaa saa nne asubuhi niliitia sufuria kichwani nikaenda kwa yaya, na ninaapa sijawahi kubeba mzigo mzito kama ule.

Alikuwa uani, anapaka grisi mnyororo wa baiskeli, akisubiri gurudumu la kesho yake.

"Ile ni nini?" aliuliza.

"Fungula kwanza," nilimwambia, nikaitua mbele yake.

Alifungua taulo. Alivaa miwani. Aliigeuza sufuria, akasoma kikaratasi cha Cathy, akaichomoa ile spoki na kuinusa, sijui kwa nini. Kisha alilichukua gurudumu lililopinda na kulisogeza sikio la sufuria mpaka pale penye bonde. Liliingia sawasawa, likatulia hapo kama mtoto mgongoni.

Alikaa kwenye kiti kidogo. Nilingoja anitukane. Kama angenipiga kofi ningemshukuru.

"Doudou alitaka kusema, ile siku," alisema hatimaye.

"Ndiyo, yaya."

"Na miye niliandika." Alivua miwani. "Kule gare, ulizo ya kwanza ilikuwa ile ile kila siku. Unamuuliza mulinzi: mu huu muzigo mulikuwa tena nini? Mbele ya kupima, mbele ya kushika bic. Ile siku sikuuliza. Juu ya nini sikuuliza, Séphora?"

"Juu nilikuwa na makelele."

"Hapana. Makelele yako niko nayo tangu ulizaliwa. Sikuuliza juu nilitaka ile roue. Nilitaka ikuwe makosa ya muntu mwenye kulipa."

Nimemwona yaya akilia mara tatu maishani: baba alipokufa, Michée alipokufa, na asubuhi ile. Machozi mawili tu, akayafuta kwa upande wa mkono usio na grisi. Niliona haya hadi kwenye kucha. Mimi nilivunja gurudumu. Yeye aliona amevunja miaka ishirini na sita.

Kisha alisimama akatafuta viatu.

PV haichanwi, alinieleza njiani. Inaandikwa nyingine juu yake. Aliiandika palepale kwenye meza ya Papa André: uharibifu umetoka ndani ya sanduku, kosa ni la aliyefunga na la aliyeagiza, na hapo akaandika jina langu lote, la ubatizo na la baba. Akanipa kalamu nisaini. Nilisaini. Papa André alifurahi, bila shaka, gurudumu halikuwa tena mzigo wake. Hata glasi ya maji hakututolea.

Kisha yaya alimwita Doudou mbele ya wapakiaji wale wale.

"Mwana yangu, nilikukosea," alisema, ameunganisha viganja. "Niliandika jina yako bila kukuuliza. Unisamehe."

Mimi nilipiga magoti kwenye vumbi la depo. Kama nilimtukana mama yake mbele ya watu, basi mbele ya watu niombe.

"Mama, musimame," Doudou alisema, akitazama huku na huku kwa aibu. "Musimame, kitenge itachafuka."

Zilibaki siku tano mwezi uishe. Nilijaribu kuiuza sufuria ninunue gurudumu. Wanawake sokoni waliinyanyua, wakairudisha chini wakicheka. "Hii ni marmite ao ni enclume?" mmoja aliniuliza, maana enclume ni lile fuawe la kufulia chuma. Nani angetia mali yake kwenye kitu cha kumvunja mgongo? Yaya hakuwa na akiba, na mimi mali yangu pekee ilikuwa imekaa hapo, nyekundu, haiuziki.

Ijumaa hiyohiyo jioni yaya aliniuliza, "Goti yako iko muzima?"

"Iko."

"Kesho saa kumi na mbili, ku dispensaire. Nilishasema na Clotilde." Nilipofika mlangoni aliniita tena. "Bakikuuliza miye niko wapi, usiseme niko mugonjwa. Usiseme niko safari. Sema vile iko. Bale bantu banameza paka juu bananiamini."

Clotilde alinifundisha kadi na vidonge kwa saa moja, akinitazama kama mtu anayemkabidhi mbuzi majani. Nikaanza. Nilidhani najua kutembea. Nyumba ya tatu viatu viliniuma, nyumba ya tano nilivivua nikaendelea peku. Ndipo nilipofahamu kile ambacho yaya alikuwa akikifanya miaka minane, miezi ya mwisho kwa goti lile, na mimi nikimcheka kwamba anachelewa chakula.

Na kila mlango, swali moja: Albertine iko wapi?

Mara ya kwanza nililisema kwa sauti ya chini, kwa mama mmoja aliyekuwa akipepeta unga. "Kinga yake ilivunjika. Miye njo nilivunja." Mama alitaka kujua namna gani. Ikabidi nieleze yote, sufuria, simu ya siri, matusi. Nyumba ya pili tena. Nyumba ya sita mume na mke walinirudisha nianze mwanzo kwa sababu mume alikuwa hajasikia vizuri. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimekiri mara kumi. Hata padri hanisikii hivyo kwa mwaka mzima.

Nyumba ya kumi na moja ni ya Papa Mapalo, mwisho kabisa, ambapo mahindi yanaanza kuwa pori. Zamani alikuwa mbeba makala: alitoka porini alfajiri na magunia matatu ya makaa juu ya baiskeli, akiisukuma kwenye miinuko, mpaka kifua kilipomkataza. Alikuwa ametimiza miezi miwili tu ya dawa. Baiskeli yake ilikuwa imeegemea ukutani ndani ya nyumba, imefunikwa gunia.

"Sitameza dawa ya muntu simujue," alisema. "Albertine iko wapi?"

Nikasimulia mara ya kumi na moja. Nilipofika kwenye sufuria alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamshikilia mgongo mpaka kilipopita.

"Roue ya mbele ao ya nyuma?" aliuliza.

"Ya mbele."

Alinyoosha kiganja, akameza vidonge vyote kimoja baada ya kingine, na bila kuambiwa akafungua kinywa niangalie. Kisha akaonyesha ukutani kwa kidevu.

"Tosha ile ya mbele."

"Papa, hapana. Ile ni kinga yenu."

"Mama, Albertine akikosa kuya, sitapona. Na nikikosa kupona, kinga ni ya kufanya nini?"

Sikulitoa gurudumu lake siku hiyo. Nilirudi nikamweleza yaya, na kesho yake, ingawa ilikuwa Jumapili, alipanda pikipiki baada ya misa, goti limefungwa kitambaa, daftari kwapani, tukaenda wote. Alisema mzigo haupokelewi kwa kuambiwa; unapokelewa mkononi mwa mwenyewe.

Mapalo alikuwa ameshalitoa. Aliliweka juu ya mkeka kama kitu cha harusi. Yaya alivaa miwani, akalinyanyua, akalizungusha mbele ya macho yake, na mimi nyuma yake niliona alichokiona. Ringi ilikuwa imeshika kutu pande zote. Spoki nne hazikuwa spoki bali waya wa kufungia ua. Tairi lilikuwa na viraka vitatu, kimoja kimeshonwa kwa uzi. Vumbi jeusi la makaa lilikuwa limeingia mpaka kwenye ekseli, na gurudumu likizunguka lilitoa mlio. Fundi Fils, aliyelifunga baadaye, alitumia siku nzima, na breki ya mbele haijapatikana mpaka leo. Yaya anasimamisha kwa breki ya nyuma na kwa kengele.

Alikaa kwenye mkeka akaandika. Aliandika kwa muda, kama alivyoandika maisha yake yote. Mapalo, ambaye hajui kusoma, alikuwa akifuata kalamu kwa macho.

"Uliandika nini, Albertine?"

Yaya alimsomea kwa lugha yetu. "Roue moja ya mbele, saizi makumi mbili na munane. Imetoka kwa Papa Mapalo. Imefika kwa Albertine."

"Na avarie?" Mapalo aliuliza, na niliona anaogopa jibu.

Yaya alilitazama gurudumu tena, kutu, waya, viraka na yote. Alirudisha macho kwenye daftari.

"Avarie," alisoma, "hakuna."

Nilikuwa nimesimama palepale. Nilifungua kinywa, kisha nikakifunga.